Mwongozaji au mtayarishaji: viti viwili vya Saturday Night Live

Anayetamani kazi ya vipindi vya burudani mseto kwenye televisheni hukutana mapema na swali: aongoze au atayarishe? Tutazame Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani, kinachorushwa moja kwa moja kutoka New York tangu Oktoba 1975.

Mtayarishaji, Lorne Michaels kutoka Kanada, ndiye mwanzilishi. Aliondoka 1980, akarudi 1985. Yeye huchagua waigizaji, wageni na vichekesho vitakavyosonga mbele kati ya vile vilivyosomwa kwa sauti mezani Jumatano. Jumamosi saa mbili usiku hufanyika jaribio la mwisho mbele ya watazamaji, refu kuliko kipindi chenyewe. Likiisha, anakata. Kichekesho ambacho mwandishi amekikeshea kinaweza kufia hapo, saa chache kabla ya kwenda hewani saa tano na nusu. Panga ni lake, na lawama pia.

Mwongozaji hana panga. Don Roy King, aliyeongoza kuanzia 2006 hadi 2021, kazi yake ilikuwa kuita kamera moja baada ya nyingine, dakika 90 pamoja na matangazo, bila nafasi ya kurudia. Picha ikichelewa kidogo tu, mzaha umechacha.

Kwangu mimi, usiku wa Jumamosi mwongozaji ndiye anayetoka jasho zaidi. Siku nyingine zote ni za mtayarishaji. Ukiweza kumwambia rafiki yako "kichekesho chako kimekatwa" kisha mkala pamoja usiku huohuo, chukua kiti cha mtayarishaji.