Tamoksifeni au letrozoli: kufuli liwekwe wapi?

Saratani nyingi za matiti hulishwa na estrojeni. Dawa ya tamoksifeni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1977, huiacha homoni hiyo izunguke mwilini, lakini hukikalia kipokezi chake ndani ya seli, yaani tundu la kufuli ambamo homoni huingia kama ufunguo. Dawa ya letrozoli huanzia mbali zaidi: hukizuia kimeng'enya (kichocheo cha mwilini) cha aromatase kisitengeneze estrojeni, ndiyo maana humfaa hasa mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye ovari zake haziitengenezi tena kwa wingi. Kwake yeye, hupunguza uwezekano wa saratani kurudi kuliko tamoksifeni.

Ila usugu, yaani saratani kuacha kuisikia dawa, ndio unaonisumbua. Mwili hugeuza kolesteroli kuwa 27-hidroksikolesteroli, na zao hilo la mafuta huweza kukiamsha kipokezi kilekile. Kwa panya, limekuza uvimbe. Letrozoli haiuzuii ufunguo huu wa bandia. Tamoksifeni, kwa kuwa imekaa mlangoni penyewe, ina nafasi ya kushindana nao. Tena kipokezi kikibadilika kijeni huweza kuwaka bila homoni yoyote, jambo linaloonekana zaidi baada ya dawa za kundi la letrozoli.

Madhara? Tamoksifeni huongeza hatari ya damu kuganda na, mara chache, saratani ya mfuko wa uzazi. Letrozoli hudhoofisha mifupa na kuumiza viungo. Mwenye mifupa dhaifu amweleze daktari mapema.