Malcolm, huyo mtoto ulimbadilisha nepi

Nimemaliza The Secret Commonwealth, riwaya ya Philip Pullman, na bado nimekasirika. Nasema mapema ili anayetafuta sifa tupu apite zake. Pullman ni mwandishi niliyempenda tangu navaa sare ya shule, na ndiyo maana kwa hili sitamstahi.

Kinachoniuma ni Malcolm Polstead. Nitamfikia. Kwanza niwaweke sawa wasiomjua Lyra, msichana ambaye hadithi hizi zote zinamhusu.

Vitabu vya mwanzo vilikuwa vitatu, vilitoka kati ya 1995 na 2000. Katika dunia ya Lyra kila mtu anazaliwa na dimoni wake: nafsi yake mwenyewe, inayoishi nje ya mwili kwa umbo la mnyama, inayoongea naye, kugombana naye, kulala naye. Ukiwa mtoto, dimoni anabadilika atakavyo, sasa hivi nondo, baadaye paka. Ukishakua anatulia kwenye umbo moja mpaka kufa. Wa Lyra anaitwa Pantalaimon, kwa kifupi Pan. Na kumgusa dimoni wa mwenzio kwa mkono wako ni jambo lisilosemeka. Sisi tulisoma nakala ya shule iliyochakaa mpaka ikapoteza jalada, ikizunguka bweni zima hapa Kigoma, na kila msichana alikuwa ameshajichagulia dimoni. Wangu alikuwa fisi maji, maana ziwa lilikuwa pale pale chini. Rafiki yangu mmoja alikataa katakata kutaja wa kwake, akasema hayo ni ya mtu na nafsi yake. Tulimwelewa wote.

Basi mwaka 2017 Pullman akarudi na mfululizo mpya, The Book of Dust. Kitabu cha kwanza, La Belle Sauvage, kilinifikia kwa kuchelewa kama vitu vingi vinavyofika huku: mtu katoka nacho Dar, kashuka Tabora kusalimia ndugu, kakaa huko, ndipo mzigo ukapanda tena treni kuja Kigoma. Nilikianza jioni na jogoo wakawika nikiwa bado nimekishika.

Kinarudi nyuma, Lyra ni kichanga. Amefichwa kwa masista wa Godstow, kando ya mto Thames karibu na Oxford. Malcolm ana miaka kumi na moja. Wazazi wake wana nyumba ya wageni, yeye anahudumia wateja na kuosha vyombo, akipata nafasi anavuka daraja kwenda kuwasaidia masista jikoni. Ana mtumbwi anaoupenda kuliko kitu chochote. Mvua inanyesha, mto unafura, mafuriko yanabeba kila kitu, na Malcolm pamoja na binti mmoja mkali aitwaye Alice wanamwokoa mtoto kwa mtumbwi ule. Huku kwetu, ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, nimeona kwa macho yangu watu wa ufukweni wakipakia magodoro kwenye mitumbwi. Maji ya Pullman ni maji kweli. Yana matope, yana uchafu, yanaingia kwenye unga.

Na kazi! Waandishi wengi wa hadithi za maajabu wanasahau kwamba mtoto mchanga anajisaidia. Huyu hasahau. Kila wanapopata pa kuegesha mtumbwi, jambo la kwanza ni moto: wachemshe maji, wapashe maziwa, wamsafishe Lyra, wambadilishe nepi, wamlishe, wamcheulishe. Nyuma yao anawafuata Bonneville, mtu mwenye dimoni fisi wa miguu mitatu, fisi ambaye kucheka kwake kulinifanya niende kuhakikisha nimefunga mlango kwa komeo. Hata hivyo nepi lazima ibadilishwe. Nilimpenda Malcolm hapo. Nilisema huyu mtoto amelelewa.

Sasa sikilizeni.

Kitabu cha pili, ndicho hiki The Secret Commonwealth, kilitoka 2019. Lyra ana miaka ishirini, anasoma chuo. Malcolm amekuwa msomi wa miaka thelathini na kitu. Amewahi kumfundisha Lyra alipokuwa bado msichana. Na anampenda. Kimapenzi. Yule yule aliyempashia maziwa.

Nilikiweka kitabu mezani nikatoka nje.

Kaka yangu ni mwalimu Tabora, na ndiye aliyeniazima nakala hiyo. Nilimpigia simu usiku ule ule. Akaniambia, "Dada, binti wa watu ana miaka ishirini, ni mtu mzima, wewe unalia nini?" Nikamwambia, kaka, wewe ni mwalimu. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikawa nasikia redio yake ikisoma taarifa ya habari. Kisha akasema, "Hapo umenishika." Lakini bado anakitetea kitabu, na bado hatujaelewana.

Aliyekubeba, akakulisha, akakutawaza, huyo ni mkubwa wako mpaka anaota mvi. Unamwita kaka. Akikuona mtaani saa mbovu anakuuliza unatoka wapi, na unamjibu. Ukishaolewa anakuja kuulizia kama unatunzwa. Hiyo ndiyo nafasi aliyoipata Malcolm kwenye kitabu cha kwanza, aliipata kwa jasho, kwenye mafuriko, na hakuna nafasi nzuri kuliko hiyo ambayo mwanamume anaweza kupata kwenye maisha ya mtoto asiye na wazazi wa kumlea. Pullman mwenyewe ndiye aliyemjengea. Halafu akaichukua akaibomoa, na sioni hadithi imepata nini. Malcolm angeweza kuvuka nchi zote zile anazozivuka kitabuni kumtafuta Lyra kwa sababu tu ni wake wa kulea. Tungemwamini zaidi!

Haki yake nitampa: katika kitabu hiki hamgusi, wala hamwambii. Anajizuia. Lakini mimi msomaji nimeshaambiwa, na kila akitokea nakaa mkao wa kulinda mtoto.

Ningekuwa nimeishia hapo, ningesema msinunue. Tatizo ni Pan.

Katika kitabu hiki Lyra na Pan hawaelewani. Yule dimoni tuliyemwonea wivu bweni zima, sasa wanaishi chumba kimoja hawatazamani usoni. Zamani, kwenye vitabu vya mwanzo, Lyra alimwacha ufukweni ili aingie nchi ya wafu, na Pan hajasahau. Tena Lyra amekolea falsafa za watu wanaosema kila kitu ni hesabu tu na dimoni ni dhana ya mtu. Anayasoma hayo mbele ya Pan, kitandani! Siku moja anaamka, Pan hayupo. Ameacha kikaratasi kusema ameenda kumtafutia uwezo wake wa kuwaza, ule alioupoteza. Nafsi yako imefungasha ikaondoka, na sababu ni kwamba umekuwa mkavu. Sijawahi kusoma mahali popote huzuni ya mtu mzima ikielezwa hivyo. Nilimkumbuka yule rafiki yangu wa bwenini, nikampigia, tukaongea mpaka salio likaisha.

Kwa hiyo ni kitabu kikubwa. Nimesema. Ila wazazi, msimpe binti wa kidato cha pili kwa kuwa tu alipenda vile vya zamani. Kuna sehemu Lyra, bila dimoni, anavamiwa na wanajeshi ndani ya behewa. Anapigana, anatoka ameumia mkono na mwili mzima. Sisi tunaosafiri usiku na treni ya reli ya kati tunajua behewa linavyokuwa taa zikififia na mtu usiyemjua akisimama mlangoni. Sehemu ile niliisoma mchana, mlango wazi.

Halafu kinakatika njiani. Waliokisoma kilipotoka walisubiri miaka sita, maana cha tatu, The Rose Field, kilitoka Oktoba 2025. Hilo peke yake lingetosha kuniudhi, lakini nafasi ya hasira ilishajaa.

La Belle Sauvage nunueni, azimeni, someni na watoto wenu. Hiki cha pili, sijui. Cha tatu nimeshamwagiza mtu anayetoka Dar, na safari hii asishuke Tabora. Nakifuata kwa ajili ya Pan. Malcolm akimshika Lyra mkono hata mara moja, nitampelekea kaka yangu kikiwa hakijamalizwa.