Chumvi ya akwariam kwa beta anayeoza mapezi: uzoefu wangu

Hii chumvi ya tangi la samaki nimeitumia siku 8 kwa beta wangu (samaki mdogo wa urembo wa kufuga) aliyekuwa anaoza mapezi, na niseme ukweli imenisaidia, ila naona wengi wanainunua wakidhani inatibu kila kitu, kwa hiyo ngoja nieleze ilivyokuwa.

Beta wangu ni dume, wa bluu, mkia mrefu. Nilianza kuona ncha za mkia zimekuwa nyeusi kama zimeunguzwa, baada ya siku mbili tatu zikaanza kuchanika na kumeguka, na mwenyewe kalala tu chini, anapanda juu kuvuta hewa halafu anarudi kulala. Kuvuta hewa juu ya maji ni kawaida ya beta, lakini kushinda amelala siku nzima hapana. Roho iliniuma sana. Kabla sijaweka kitu chochote nikapima maji, amonia (sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula) ikasoma 0.5 mg kwa lita wakati inatakiwa iwe 0 kabisa, hapo ndo nikajua shida imeanzia wapi, maana mapezi kuoza mara nyingi ni bakteria wanaopata nafasi maji yakichafuka.

Nikamhamishia kwenye ndoo safi nikaweka maji lita 8 yaliyotolewa klorini, hita nyuzi 26, kifuniko chenye matundu (hawa wanaruka!), halafu chumvi vijiko viwili vya chai, yani kijiko kimoja kwa kila lita 4. Usimwage chumvi kavu jamani, ikoroge kwenye kikombe cha maji mpaka iyeyuke yote ndo umimine taratibu. Kila siku nilibadilisha maji yote, mapya yawe na joto lile lile na chumvi kipimo kile kile, na huku tangi lake nikawa nalivuta uchafu wa chini na kupunguza maji mpaka amonia ikashuka 0. Bila hiyo kazi ya tangi naamini angerudi kuumwa tu, hata ungemwekea gunia zima la chumvi.

Siku ya tatu weusi ukasimama. Siku ya sita nikaona ukingoni mwa mkia kitu kama utando mwembamba hauna rangi, nikashtuka nikajua fangasi, kumbe ndo pezi jipya linaota! Linaanza hivyo, rangi inakuja baadaye. Jioni hiyo akala vizuri kwa mara ya kwanza.

Ninacholalamikia ni maelezo ya kwenye pakiti, yanasema uweke chumvi tangini muda wote. Mimi sikubaliani nayo. Beta ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, na maji yakipungua kwa mvuke chumvi inabaki palepale, ukijazia maji na kuongeza chumvi tena inazidi tu, na mimea nayo mingi haiipendi. Mimi siku 10 ndo mwisho. Na wasikuchanganye na chumvi ya Epsom, ile ni magnesiamu salfeti, inatumika samaki akivimba tumbo au akikosa choo, ni kitu kingine kabisa.

Naipa nyota 4. Kama uozo umeshafika mwilini au kuna wekundu unaopanda kuelekea shina la pezi usiisubirie chumvi, tafuta dawa ya bakteria mapema.