Tahadhari wana Tanga: ukiambiwa "bonyeza Enter tu", usilipe

Ndugu zangu wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni, na nyie mnaoshuka Kange kuja mjini kununua vitu, kuna jamaa anauza kompyuta mpakato zilizotumika. Anazunguka na begi la mgongoni kwenye steshenari na ofisi ndogondogo, na ana meza kwenye frem ya mwenzake. Jina silitaji kwa sababu suala bado liko kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila anavyofanya nitakisema chote, maana mimi kanila laki nne na nusu, na nyingine juu yake.

Alikuja dukani kwangu saa tano asubuhi. Mashine imefutwa mpaka inang'aa, stika mpya kwenye kifuniko. Akaiwasha kaipakata, kioo kakielekeza kwake, nikasikia kidole kinagonga kitufe mara moja. Kisha akanigeuzia, Windows hiyo imeshawaka. "Dada yangu, hii ukiwasha yanatoka maandishi kidogo, wewe bonyeza Enter tu, ndo kawaida yake." Nikafungua Word, nikaandika mistari miwili, nikatoa karatasi moja kwenye printa. Dakika saba hazikufika. Nikalipa.

Mchana ule ule ikazima. Giza tu, kama LUKU imekata. Mteja amekaa kwenye benchi anasubiri mkataba wa kiwanja, kurasa tatu, na mimi sijahifadhi hata moja. Nikawasha, Enter, ikaenda kama dakika ishirini, ikazima tena.

Nikampigia. Kwanza akasema umeme wa kwangu unacheza. Sasa mashine ina betri, umeme ukicheza si betri inashika? Nikachomoa chaja makusudi, ikaendelea na kazi kama kawaida, ikaja kuzima baadaye na betri ina asilimia 70. Akabadili wimbo: Windows imechoka, tupige mpya, elfu ishirini. Ikapigwa. Ikazima. Mara ya tatu akafungua Event Viewer, daftari la Windows la matukio ya mashine, akanionyesha mistari ya Kernel-Power 41 imepangana, akasema hiyo ndiyo mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, inakufa, lete laki na ishirini, tanguliza hamsini. Nikatanguliza. Ikakaa kwake siku nne, ikarudi na ugonjwa wake ule ule. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba hiyo 41 inasema tu mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Kwa nini ilizimika, haisemi.

Kilichonifungua macho ni joto letu hili. Kuna siku jua liliwaka mpaka nikaamua feni ya mezani niielekeze pembeni, ikawa inaipuliza mashine kuliko inavyonipuliza mimi. Ikadumu zaidi ya saa nzima! Nikaizima ile feni, haikumaliza dakika kumi na tano. Nikaigusa kwa chini, upande wa kushoto, mkono ukarudi wenyewe. Nikaweka kiganja kwenye tundu la pembeni, hakuna upepo unaotoka.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, Makorora. Kabla hajashika bisibisi akasema, "Iwashe nione." Yakatoka yale maandishi, na mkono wangu kwa mazoea ukaenda kwenye Enter. Akanizuia. "Mwanangu, soma kwanza."

Nikasoma. Wallahi niliona aibu, mimi ninayewaandikia watu barua za Kiingereza kwa buku mbili. Imeandikwa pale wazi kwamba feni ya kupoza haifanyi kazi, ukiendelea mashine inaweza kuzima ovyo na kazi yako kupotea, na usipobonyeza Enter itajizima baada ya sekunde 15. Kuna na namba, 90B, ambayo kwenye kompyuta za HP ni ya feni. Mashine ilikuwa inaniambia kila asubuhi, na mimi kila asubuhi naifunga mdomo kama nilivyofundishwa.

Ikafunguliwa. Feni imekwama, mapezi ya chuma ya kutolea joto yamezibwa na vumbi lililoshikana na unyevu wa bahari kama sufi ya mto, na ile dawa inayokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kupitisha joto imekauka kama chaki. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 mashine inajizima ili isiungue, basi. Mazabodi nzima kabisa. Na kwa vumbi lile, hizo siku nne haikufunguliwa hata skrubu moja. Feni ya kubadilisha, dawa mpya na ufundi vikawa elfu arobaini na tano. Huu ni mwezi wa pili tangu itengenezwe, haijazima.

Kwa mwenyekiti alikuja kapiga kanzu. Akasema mbele ya watu kwamba hakunificha kitu, alinieleza kabisa kuwa kuna maandishi. Mwenyekiti akanitazama mimi. Na risiti sina, nina kikaratasi cha daftari kisicho na jina la duka. Nyie daini ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Mtu akianza kuzungushazungusha maneno kwenye risiti, mrudishie mashine yake.

Na msinunue kwa dakika saba kama mimi. Kioo kikuelekee wewe tangu anapobonyeza kuwasha, na kila kinachotokea kisome mpaka mwisho, hata kama anakuharakisha. Kisha weka video iende nusu saa huku kiganja chako kiko kwenye tundu la pembeni, usikie upepo wa moto unatoka. Kama unayo tayari na inazima, angalia inazima lini. Ikizima papo hapo unapochomoa chaja, anza na betri. Ikizima baada ya kuchemka, anza na feni na vumbi, usikubali kupigiwa Windows.

Jana nimepita pale kwenye meza yake. Kaweka tatu kwa mstari, na zote alikuwa ameshaziwasha kabla mteja hajafika.