Tahadhari kwa wanunuzi wa baiskeli za mbio zilizogeuzwa kuwa za mjini

Ndugu zangu wa Dar es Salaam mnaotafuta baiskeli ya kwendea kazini, ninawatahadharisha kuhusu muuzaji anayejitangaza mtandaoni kwamba huchukua baiskeli kuukuu za mbio, zile za mtumba zenye fremu nyembamba ya chuma na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, akazifunga usukani mnyoofu, madigadi, keria na taa. Simtaji jina kwa kuwa malalamiko yangu yako polisi, na kwa vyovyote jina lisingewasaidia, maana tangu nilipomlalamikia amekwisha kulibadilisha kwenye ukurasa wake. Mtambueni kwa kazi yake.

Kuigeuza baiskeli ya namna hiyo ni jambo la busara, kwani fremu nzuri ya chuma hudumu miaka mingi ikitunzwa. Huyu bwana hubadilisha kile kinachoonekana kwenye picha tu.

Nililipa shilingi 380,000, nusu yake kabla ya kuiona baiskeli, nikaletewa magharibi giza likiwa limeanza kuingia, saa ambayo sasa naamini aliichagua. Siku ya tatu, nikiteremka kutoka Kimara kuelekea Ubungo, nilibana breki zote mbili kwa nguvu zangu zote na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sijagusa kitu, hadi nikaiingiza kwenye mchanga wa kando ya barabara. Nilichubuka magoti tu, namshukuru Mungu.

Fundi wa mtaani kwetu alipoikagua, alinionyesha kwanza mikono ya breki, ambayo ilikuwa ya baiskeli za milimani, iliyotengenezwa kuvuta waya kwa urefu mkubwa, ilhali breki zilizobaki kwenye fremu ni zile za zamani za mbio, zinazotaka waya uvutwe kidogo lakini kwa nguvu nyingi. Vikiunganishwa hivyo, mkono wa breki huwa mgumu unapouminya, na nguvu inayofika kwenye ringi huwa haba. Hapo ndipo mnunuzi anaponaswa, kwa sababu wengi wetu tunapokagua baiskeli huminya breki tukiwa tumesimama, tukaona ni ngumu, tukaridhika.

Jambo la pili ni magurudumu. Fremu ilikuwa ya magurudumu ya inchi 27, ambayo tairi lake hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 630, naye akaweka ya 700C, ambayo ni milimita 622. Mafundi wengi hufanya hivyo na si vibaya, mradi breki ziweze kushuka milimita 4 zaidi kuifuata ringi. Hizi hazikuweza: raba zilikuwa zimeshushwa hadi mwisho, na bado ukingo wake wa juu ulikuwa ukisugua tairi, ambalo lilikwisha kulika ubavuni hadi nyuzi zikaonekana.

Lililonitisha kuliko yote lilikuwa chini ya utepe mweusi uliozungushwa kwenye shingo ya usukani, ambao mimi niliudhania ni pambo. Shingo hizo za zamani zina mistari midogo iliyochongwa kuonyesha kikomo cha kuzivuta juu, na mistari hiyo inapaswa kuzama ndani ya fremu. Ili mwendeshaji akae wima kama watu wa mjini wanavyopenda, aliivuta yangu hadi mistari ikawa nje, kisha akaifunika. Ingeweza kung'oka mikononi mwangu katikati ya magari.

Kwa hiyo, msitume fedha za awali, na mkatae kuletewa bidhaa usiku. Bandueni kila utepe. Someni ubavuni mwa tairi kama limeandikwa 622 au 630, kisha tazameni raba za breki zinagusa nini, na muiendeshe baiskeli mahali tambarare pasipo na magari, mkibana breki ikiwa kwenye mwendo. Nilipomwomba nirudishiwe fedha, alinijibu kwamba mtumba hauna dhamana, kisha akaizuia namba yangu.

Aliyekwisha kununua kwake asiipande baiskeli hiyo kabla ya fundi mwingine kuifungua, na anayetaka kuandikisha malalamiko pamoja nami aje na picha na ujumbe wa malipo.