Mwongozo wa kusakinisha QGIS: njia nyingi ni msaada, mradi kila njia ielezwe inamfaa nani

Ninatumia QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, kuandaa ramani za matumizi ya ardhi ya vijiji katika wilaya za Bahi na Chamwino, na mimi ndiye ninayewasakinishia programu hiyo wenzangu pamoja na vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu hapa Dodoma. Kwa hiyo tathmini hii inahusu zaidi mwongozo wa usakinishaji kuliko programu yenyewe, ambayo ubora wake unajulikana.

Kwa wenye Windows, mwongozo unatoa njia mbili. Ya kwanza ni OSGeo4W, kisakinishi kidogo ambacho ukikifungua huvuta vipande vyote kutoka kwenye intaneti. Ya pili ni faili moja kamili la MSI, lenye ukubwa unaozidi GB 1, ambalo likishapakuliwa halihitaji mtandao tena. Mwenye intaneti ya uhakika atanufaika na OSGeo4W, kwa sababu anaweza kusasisha kipande kimoja bila kupakua programu nzima na kuweka matoleo kadhaa kwenye kompyuta moja. Sisi tunaotegemea bando, tena tunaofanya kazi katika ofisi za vijiji ambako mtandao hukatika, tunaokolewa na faili la MSI: mmoja analipakua mjini, linawekwa kwenye flashi, na wote wanasakinisha toleo lile lile. Ni kweli kwamba OSGeo4W nayo inaweza kuhifadhi vipande kwenye folda na kusakinisha kutoka humo, lakini hatua hizo si za kumwachia mtu anayeanza.

Wapo wanaoshauri kwamba mwongozo ubaki na njia moja tu, kwa kuwa nyingi humchanganya msomaji na kila moja inapaswa kujaribiwa upya toleo jipya linapotoka. Hoja ya mzigo wa kujaribu naiheshimu sana, maana kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea. Hata hivyo, njia ya MSI ingeondolewa, gharama isingetoweka. Ingehamia kwenye bando la kila mtumiaji.

Jambo linalochanganya, kwa maoni yangu, ni njia kuorodheshwa bila maelezo ya nani aichague na kwa nini. Uchaguzi wa toleo ni mfano mzuri: QGIS ina toleo jipya kabisa na toleo la muda mrefu, ambalo huendelea kurekebishwa kasoro kwa takriban mwaka mzima. Kwa timu inayopokezana mafaili ya mradi mmoja nashauri la muda mrefu, na kila mmoja awe na lilo hilo.

Sehemu ya Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux, ndiyo inayohitaji kupangwa upya. Kuna ghala la Ubuntu lenyewe (yaani hifadhi ya mtandaoni ambayo kompyuta huchukua programu kutoka humo), maghala ya mradi wa QGIS, UbuntuGIS ambalo ni ghala la programu za ramani, na pia Flatpak, njia ya kusakinisha programu kwenye aina mbalimbali za Linux, na mwanafunzi wa mipango miji anayefungua ukurasa huo kwa mara ya kwanza anastahili kukuta juu kabisa sentensi moja inayomwambia aanzie wapi, kisha njia nyingine zifuate chini pamoja na sababu zake.

Ninaupa mwongozo huu nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka akiba kwa ajili ya sentensi hiyo.