Uzoefu wangu: kufungua mipira ya kipozea oili cha pikipiki kwa spana za kawaida

Pikipiki yangu ya cc 150 ina kipozea oili cha kuongezea, kile kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri kikiwa na mipira yake miwili ya kupitishia oili na boliti zake, na nilikinunua kwa sababu ya mlima wa Kitonga, ambao huupanda mara mbili kwa wiki nikiwa na mzigo. Kupoza kinapoza, na injini haichoki tena kabla sijafika juu. Tatizo lilikuja baada ya miaka miwili, mpira mmoja uliposuguana na fremu hadi waya wa chuma ukaonekana, na oili ikaanza kutoka jasho.

Fundi wa kwanza aliniambia kwamba mipira hiyo haifunguki bila kifaa maalumu. Nimeifungua mwenyewe kwa spana namba 14, 17 na 19, na ningependa wenye kipozea cha aina hii wajue kwamba inawezekana, mradi wasiwe na haraka.

Niliwasha injini kwa muda mfupi ili oili ipate uvuguvugu, nikaizima, nikamwaga oili kwa chini kama kawaida. Oili iliyomo ndani ya kipozea haitoki kwa njia hiyo, kwa hiyo niliweka beseni na kufunika tairi la mbele na diski ya breki kwa nailoni, kwa kuwa tone moja la oili kwenye diski ni hatari kubwa barabarani. Upande wa injini ni rahisi: kila mpira umeshikwa na boliti yenye tundu katikati, yenye washa mbili (pete bapa za kuzuia oili isivuje), moja juu na moja chini ya jicho la mpira. Spana ringi namba 14 ilizilegeza zote mbili.

Upande wa kipozea ndiko penye mtihani. Nati iliyo mwisho wa mpira imekazwa kwenye shingo ya alumini ya kipozea, na nilipoivuta kwa spana moja niliona shingo yenyewe ikianza kuzunguka na bati jembamba la kipozea likijikunja kidogo pembeni yake. Niliacha papo hapo. Dawa yake ni spana mbili: namba 19 inaishika shingo isisogee hata kidogo, namba 17 inazungusha nati, na mikono ya spana hizo mbili ikae karibukaribu ili uzibane pamoja kwa kiganja kimoja, nguvu yote iishie kwenye nati badala ya kwenda kwenye kipozea. Nati iliyogoma nililowesha kwa dawa ya kulegeza kutu, nikaiacha usiku kucha, na asubuhi ililia mara moja ikaachia. Koleo usiliguse kabisa, kwa maana linakula pembe za nati, na baada ya hapo hakuna spana itakayoshika.

Nilifunga midomo iliyobaki wazi kwa nailoni na mpira wa kubana, maana mchanga ukiingia humo unakwenda moja kwa moja kwenye injini.

Washa zilizokuja na kipozea zilikuwa za alumini na zilikwisha bapa. Nilipata nne za shaba zilizowahi kutumika, nikazipasha kwenye jiko la gesi hadi zikawa nyekundu, nikazidumbukiza majini. Shaba ikifanyiwa hivyo hulainika na kukaa vizuri upya. Nilifunga mpira mpya nikiupitisha mbali na fremu, nikaweka oili, nikaacha injini ingurume kwa dakika moja, kisha nikaizima na kuongeza oili iliyopungua kwa kujaza kipozea.

Nimekwisha kupanda Kitonga mara sita tangu siku hiyo, na kila nikifika hupitisha kitambaa cheupe kwenye viungo vyote vinne, nacho hutoka kikavu. Kipozea nakipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya zile washa za alumini, na pia kwa sababu mpira ulikuja bila kinga yoyote mahali unapogusa fremu.